Kiroba cha Bi Tunu

Daktari alimwonya Bi Tunu kwamba unene unauchosha moyo wake. Kaka yake, mwenye kinu cha nafaka, akaahidi kumlipa kwa kila kilo atakayopungua. Leo Tunu alikaa kwenye mizani kubwa ya magunia. Upande wa pili kulikuwa na mchanga wa uzito wake wa zamani. Kaka aliupunguza kwa kopo mpaka mizani ikalingana. Mchanga uliotoka ukajaa kiroba.

"Umenifilisi, dada! Pesa zako hizi."

"Ngoja kwanza." Tunu alikishika kiroba kwa mikono miwili, akavuta. Hakikuinuka.

"Ee Mola! Hiki ndicho nilichokuwa nikipanda nacho ngazi?"

Kaka alisimama na pesa mkononi, akimtazama dada yake aliyeweka kiganja kifuani, akiusikiliza moyo uliokibeba kiroba kile.