Hitilafu ya Nyumba Moja

Majiko yote ya mtaani kwetu huwaka kwa idhini ya mtambo wa mtandaoni, na mtambo ukianguka, simu hutuletea tahadhari nyekundu: msipike. Leo, siku ya harusi ya binti yangu Saumu, tahadhari iliingia saa nne asubuhi, mchele umeshaoshwa.

"Tungoje ya kijani, wifi," alisema Mwatumu.

Nikamwambia harusi haingoji simu. Nikatoa mafiga ya marehemu mama, nikakoka moto kwa mbao za kitanda kibovu. Wageni mia mbili walikula pilau wakashiba, na vigelegele vikatanda mtaa mzima.

Alasiri simu ikalia. "Huduma imerejea kote. Hitilafu imebaki nyumba moja, iliyopika bila idhini; inashughulikiwa."

Chini yake lilikuwa jina langu.