Nenosiri la Watu Wawili

Nenosiri la ukurasa wa karakana lilijulikana na watu wawili tu, na mwenye karakana hakuwa mmoja wao.

Kosa lilikuwa lake, hilo hakubisha. Mwaka uliopita alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya adabu, akijidai anatoka kampuni ya mtandao. Fundi akamsomea tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake, na kabla hajamaliza kupiga randa ubao mmoja, ukurasa wake ulikuwa mikononi mwa matapeli. Wiki nzima waliuza makochi hewa kwa jina lake. Mkewe akafungua ukurasa mpya, akauwekea nenosiri refu, akamwambia mumewe ashike msumeno na mambo ya mtandao awaachie wenzake.

"Wenzangu akina nani?"

"Mimi, na mtu atakayekuwa anajibu wateja. Ni mtu ninayemwamini."

"Hana jina?"

"Ameomba asitajwe. Anakuonea haya."

Fundi aliguna. Mtaani walimwita Msumari, maana maneno yake yalikuwa mafupi na yalichoma. Kubembeleza wateja kulimshinda, kwa hiyo alikubali.

Haikupita miezi mitatu, wateja wakaanza kumiminika, na wivu nao ukabisha hodi. Walikuwa wakiingia, wanatikisa kitanda kidogo, kisha wanachungulia nyuma ya bega lake.

"Yule bwana anayejibu kwenye ukurasa yuko wapi? Ana maneno matamu yule."

Mama mmoja alimwambia waziwazi kwamba kabati analinunua kwa sababu ya majibu ya yule bwana. Kabati ambalo Fundi alilihangaikia siku nne, mgongo ukimuuma.

Akajiunga na ukurasa kama mfuasi wa kawaida, avizie. Alisoma jinsi mtu huyo alivyowauliza wateja hali za watoto wao, alivyowatuliza waliocheleweshewa meza, na hata waliokuja na matusi aliwapa pole hadi wakaomba radhi wenyewe. Siku moja mteja aliuliza kama vitanda vyao vina kelele. Akajibiwa kwamba mbao zao hazina neno, kelele huletwa na wanaolala. Mkewe alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Fundi alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho yeye alimchekesha hivyo, asikumbuke.

Kuanzia hapo akawa mpelelezi ndani ya nyumba yake. Jumanne moja ukurasa ulikaa kimya asubuhi nzima, wateja wanauliza na hakuna wa kuwajibu. Jumanne hiyo mkewe alikuwa ametoka. Eti anampeleka mama yake kliniki kufanyishwa mazoezi ya nyonga. Jumanne iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata. Fundi aliunganisha mambo mwenyewe, akapata jibu lililomfanya akate ubao mzuri mahali pasipotakiwa.

Angekuwa peke yake na mkewe, nyumba ingeshawaka moto. Lakini mama mkwe alikuwa akiishi kwao tangu alipoanguka na kuvunjika nyonga, na mbele ya mama huyo Msumari alikuwa pamba. Alimwamkia kutoka mlangoni, macho chini. Hakuwahi kuketi karibu naye wala kupaza sauti akijua yuko macho. Akawa anameza hasira yake kimyakimya, wiki baada ya wiki, huku akijiambia kwamba likithibitika hili, ndoa imekwisha.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, lilimshinda. Mkewe alikuwa jikoni anaosha vyombo, mikono imejaa povu hadi viwikoni. Fundi aliketi sebuleni na simu yake. Kwenye ukurasa, yule bwana alikuwa ametoka tu kumwambia mteja wa kike kwamba nyumba isiyo na kicheko haipendezi hata ikiwa na samani nzuri. Akafungua sehemu ya ujumbe wa siri, akaandika bila kuvuta pumzi:

"Wewe unayekula jasho langu kwa jina langu. Habari za Jumanne ninazo. Umemzoea mke wangu hadi mna siri zenu. Huna haya hata chembe, na mama aliyekuzaa hakukufunza adabu. Nikikutia mkononi nitakuvunja miguu yote miwili, na huyo mwenzio atarudi kwao leo leo. Kama kweli wewe ni mwanamume, jitokeze."

Akatuma.

Ujumbe ulisomwa papo hapo. Chini yake likatokea neno "anaandika", likapotea, likarudi, likapotea tena. Jikoni mkewe aliendelea kusugua sufuria, akiimba kwa sauti ya chini. Fundi alisimama, na katikati ya hasira akaonja utamu kidogo. Kwa mara ya kwanza mwenye maneno matamu alikuwa amekosa la kusema.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mama mkwe akatoka hatua kwa hatua, miwani puani, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine simu.

"Nimejitokeza, mwanangu," alisema.