Barua ya Ruhusa

Siku ya tano baada ya kumzika mama yake, mpiga pasi wa hoteli alirudi kazini akakuta mwanamke mwingine kwenye meza yake.

"Dada, si tulikuandikia?" meneja alimuuliza.

Aliitoa barua mkobani. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda mazikoni, nao wakamjibu: "We are letting you go." Shemeji yake akamsomea kwamba wamemruhusu aende. Akaondoka akiwashukuru.

"Hapo maana yake tumekuachisha kazi," meneja alisema, akitabasamu kama anayemfundisha mtoto. "Hoteli haisubiri misiba."

Miaka tisa mtu huyu alikuwa akimtuma, akimtania na kumgombeza kwa Kiswahili.

"Siku ya kunifukuza ndiyo umekikumbuka Kiingereza?"

Akamkwida. Kola nyeupe, ngumu kwa wanga, ikakunjamana viganjani mwake, na kifungo kikaruka hadi chini ya meza.

"Let go!" meneja alifoka, macho yamemtoka pima. "Let go!"

Maneno ni yale yale. Safari hii alielewa bila kusomewa kwamba anaambiwa aachie.

Akakaza.