Ziwa la Kushoto

Bi Rukia alikuwa ameshaiponda shubiri kwenye kisahani, imebaki kumpaka tu mkaza mwanawe.

"Ziwa hilo limeharibika, mwanangu Mwanakheri. Tulitie uchungu lijikaukie."

Na kweli, mtoto alinyonya la kulia kwa raha zake, lakini akiwekwa la kushoto analia mpaka sauti inamkauka. Mwanakheri akaomba wapite kwanza kwa daktari wa viungo aliyeelekezwa kliniki. Bi Rukia akafuata na kisahani chake mkononi.

Daktari Kidawa hakuligusa ziwa. Alimpapasa mtoto nyuma ya shingo, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

"Mnyonyeshe la kulia," akasema. Mtoto alipokolea, akaongeza, "Sasa msogeze vivyo hivyo mpaka la kushoto. Usimgeuze, miguu yake ipite chini ya kwapa lako."

Mtoto akalidaka ziwa, akanyonya kwa pupa hata maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo.

"Makubwa!" Bi Rukia akashika kiuno. "Kumbe ziwa zima?"

"Zima, bibi. Shingo ndiyo imekaza upande mmoja, mkimgeuza inamuuma. Tutailegeza polepole."

Mwanakheri akacheka huku machozi yanamtoka. Mtoto alipoachia, daktari akamwekea vidole viwili shingoni, akasugua kidogo, akangoja.

"Mwite, mama. Kwa upande huu mgumu."

Mwanakheri akainama, akaita kwa sauti ndogo. Kidevu cha mtoto kikatetemeka, kikasogea upana wa ukucha, na macho yakatangulia.