Pumzi ya Bwana Loomis

Wewe mama mwenzangu, ungefanya nini kama pumzi ya mwanao ingekuwa inangoja mtu mwingine atoke kwenye sanduku?

Delia Mulvey, mfua nguo wa Boston, hakujua. Binti yake Noreen alikuwa kwenye machela, ugonjwa wa kupooza umeshampanda kifuani. Hospitali ilikuwa na mashine moja tu ya kupumulia: pipa refu la chuma, makomeo yake kwa nje, kichwa cha mgonjwa kimechomoza upande mmoja.

"Ina mtu, mama. Vumilia," alisema sista wa zamu ya asubuhi, akionyesha kadi iliyoning'inia: Loomis.

Akaingia Daktari Whitlock na waandishi wanne wa magazeti. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye treni, kutoka New York alikokaa wiki nzima akiisifu mashine.

"Kabla sijaondoka, Bwana Loomis alikuwa wa buluu kama plamu," alisema. "Sasa tazameni mashavu hayo."

Mashavu yalikuwa mekundu kweli. Kichwa kikafumbua mdomo. Sista, mtu wa utaratibu, akakitia kipimajoto.

"Anataka kutushukuru," daktari alieleza. "Ila humu mtu husema mashine inapotoa pumzi tu. Ningekuwa na uwezo, ningemnunulia mke wangu moja."

Waandishi wakacheka, wakaandika. Kichwa kikajaribu tena. Kikapewa kijiko cha uji wa shayiri. Sista akakifuta grisi sikioni, picha itoke safi.

Midomo ya Noreen ikaanza kugeuka rangi.

"Daktari, mwanangu anakwisha," Delia alisema.

"Mama, siwezi kumnyang'anya mtu pumzi nikampa mwingine. Tena mbele ya magazeti?"

Delia akawasukuma kando kwa kiwiko, akainama, akachomoa kijiko mdomoni.

"Bwana Loomis, nisamehe. Najua ninachokuomba si haki. Mpishe mwanangu robo saa tu."

Mvukuto wa mashine ukavuta hewa. Kichwa kikangoja, macho yamekitoka. Mvukuto ukaachia.

"Loomis alikufa jana, mama," kikasema. "Mimi fundi, niliingia kujaribu mpira wa shingoni, nikafungiwa, nifungulie, umlaze mwanao."