Nguzo za Bwana Nzivo

Lori lilinguruma, mnyororo ukakazika, tairi za nyuma zikachimba udongo mweusi wa Njiru, lakini nguzo ya zege iliyofungwa mnyororo huo haikusogea hata kidole. Dereva akakanyaga mafuta tena. Mnyororo ukakatika kwa kishindo, kuku wa majirani wakatawanyika.

"Hii ni noma, buda," dereva alisema akishuka kuutazama.

Bwana Nzivo alicheka hadi tumbo likatikisika. "Fundi Mutie, nimekubali! Nataka sitini za namna hii hii. Nikishazisimamisha, asije mtu akaning'olea."

"Hazitang'oka, mzee. Hata wewe mwenyewe hutaweza." Mutie akafumba jicho moja, akapiga hesabu kwa vidole. "Lakini sitini hazitatosha. Tufanye themanini."

"Fanya themanini!" Nzivo alisema bila kuuliza kwa nini.

Mbinya, mkewe Mutie, alikuwa ameketi mlangoni akisuka kiondo, na moyo wake ulijaa fahari. Mumewe alikuwa mchonga vinyago kabla hajaingia kwenye saruji, na nguzo zake za kwanza zilimwaibisha. Nondo zilishika kutu, zege likapasuka. Waya aliofunga kwa nje ulilegea, au ukaibwa. Basi akajifunza. Aliosha mchanga, akapunguza maji, akazizamisha nondo katikati kabisa, akafunika kila nguzo kwa magunia yaliyoloweshwa kwa wiki tatu. Chini akaipa wayo mpana kama wa ndovu, ikishafukiwa isichomoke. Waya ndio uliomshinda.

Hapo Mbinya akamnyooshea kiondo chake. "Uzi haufungwi juu ya kiondo, Baba Ndanu. Unapita ndani."

Mutie aliruka kama aliyeumwa na siafu. Tangu siku hiyo kila nguzo ilitobolewa matundu matano ingali mbichi, na nyuma ya kila tundu akaweka kijino cha chuma cha kuung'ata waya.

Fahari ya Mbinya ilidumu siku mbili. Siku ya tatu, kwenye foleni ya maji, jirani yake Teresiah alimgeukia na mtungi wake.

"Mama Ndanu, unajua zile nguzo zinakwenda wapi? Uwanja wa shule."

Binti yake Ndanu alisoma shule hiyo, darasa la tatu. Uwanja ulikuwa kati ya madarasa na barabara, na Nzivo alikuwa akizunguka na barua iliyosema kwamba ni wake. Mara mbili wazazi walikuwa wamechanga wakasimamisha miti na seng'enge. Mara mbili vijana wa Nzivo walikuja mchana kweupe wakaing'oa yote.

Jioni alimkabili mumewe. "Wazo langu umempa mnyakuzi! Mtoto wako atachezea wapi, juu ya paa?"

"Nimeshaikubali kazi, Mama Ndanu. Nitaimaliza."

Mbinya akaacha kumsemesha. Akawa anamwekea muthokoi mkavu, mahindi yaliyokobolewa bila mchuzi, mezani na kugeuka. Kanisani wanawake walijisogeza mwisho wa benchi wasiguse gauni lake. Viondo vyake vilikaa vikishika vumbi, hakuna aliyeuliza hata bei. Mutie, naye, alikuwa akipiga mluzi. Mwalimu Muhonja, mkuu wa shule, alimwita ofisini mara mbili. Mbinya alidhani anakwenda kukaripiwa, na alifurahi. Lakini mara zote mbili mumewe alirudi akijifuta makombo ya keki mdomoni.

Nguzo zilianza kusimama upande wa barabara, kisha ubavu mmoja, kisha ubavu wa pili. Nzivo alipita na gari lake, akatoa mkono dirishani na kuonyesha dole gumba. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, naye alikuwa akiomba kura za udiwani; hakuwa na muda wa kushuka.

"Upande wa kutenga uwanja na madarasa bado?" aliuliza.

"Kazi ya mwisho hiyo, mzee. Jumamosi njoo uone geti."

Jumamosi asubuhi Mbinya alijifunga leso kiunoni. Alikuwa amepanga maneno ya kumwambia mumewe mbele ya huyo Nzivo wake, watu wote wasikie, hata kama angelala kwa dada yake mtaa wa Pipeline usiku huo. Alitembea upesi hadi shuleni.

Alikuta hema. Alikuta kwaya. Alikuta wazazi karibu mia tatu wamevaa nguo za Jumapili, na Teresiah akamkumbatia bila kusema neno.

Kati ya madarasa na uwanja hapakuwa na nguzo hata moja. Zile za mwisho zilikuwa zimezunguka nyuma ya vyoo, nyuma ya jiko, zikaikumbatia shule nzima, uwanja ukiwa ndani. Mutie alikuwa amesimama getini ndani ya suti yake ya harusi, akikwepa macho ya mkewe kama mwanafunzi aliyechelewa.

Gari la Nzivo likafika. Akashuka, akatazama kulia, akatazama kushoto, mdomo ukafunguka. Kabla haujatoa sauti, Mwalimu Muhonja alivuta kitambaa kilichofunika nguzo ya geti. Maandishi yalichongwa humo kwa mkono wa mchonga vinyago, herufi za kina cha nusu kidole:

UA HUU NI ZAWADI YA BWANA NZIVO KWA WATOTO WETU. 1997.

Kwaya ikapasua wimbo. Bwana Nzivo akazitazama kura zote zile zikimpigia makofi na vigelegele, akameza mate, akatabasamu, akapokea makasi ya kukatia utepe.