Kabla ya Kuvuta

Sikudhani, mwanafunzi wa ukunga, aliandika, "Mtoto akishatoka, kata kitovu, kisha vuta kondo la nyuma." Hapo kalamu ikamgomea.

Alikuwa ameshuhudia uzazi mwingi ubavuni mwa mkunga aliyemfundisha, Bi Mwanahawa, na alijiona amefuzu. Lakini Bi Mwanahawa alikuwa anahama mji jioni hiyo, na alimwachia sharti moja: aiandike kazi yote kana kwamba anamfundisha mtu asiyewahi kuiona.

Kisha vuta. Avute lini? Alisimama, akazunguka chumba, akaketi, akasimama tena. Akanyoosha mikono hewani kama anayezalisha, lakini mikono haikukumbuka kitu. Na akivuta mapema, mama atavuja damu hadi afe! Akatoka mbio bila viatu.

Alimkuta Bi Mwanahawa kwa jirani aliyejifungua punde tu, kondo likiwa bado halijatoka.

"Bibi, unajuaje wakati wa kuvuta?"

Mkunga alimtazama. "Miaka yote hii ulikuwa unatazama mkono wangu upi?"

"Wa kulia. Ule unaovuta."

"Ndiyo maana. Haya, nawa uje."

Akaushika mkono wa kushoto wa Sikudhani, akauweka juu ya tumbo la mzazi.

"Usivute. Ngoja tumbo lenyewe likwambie."

Sikudhani alifumba macho. Chini ya kiganja chake tumbo lilikuwa laini kama unga uliokandwa. Mzazi akashusha pumzi, na huko ndani kitu kikaanza kukaza, polepole, kama ngumi inayofumbwa.